Kuanzisha ligi ndogo ya motokrosi kwa pikipiki za mipigo miwili: hatua kwa hatua

Maswali kuhusu kuanzisha ligi ya motokrosi, yaani mbio za pikipiki kwenye njia ya udongo yenye marukio, ni yaleyale kila mara. "Tuko kumi na tano, tuna tustroki (pikipiki za mipigo miwili) zetu na shamba la kuazima, ligi inaanzaje?" Wengi huuliza wakiwa wameshachapisha fulana na kutangaza tarehe, halafu ndipo wanakumbuka ambulensi. Mwongozo huu ni wa yule ambaye hajatangaza kitu. Kama umeshatangaza, nenda moja kwa moja hatua ya 2 na ya 6, kisha uamue kama tarehe ibaki au isogezwe.

Msimamo wangu niuseme mapema: fanya ligi iwe ndogo kuliko unavyotamani. Raundi nne kwa msimu, madaraja matatu, na siku inayomalizika watu wakiwa bado na nguvu za kupakia pikipiki zao. Kamati ikiweza kurudia siku hiyo mara nne bila mtu kujiuzulu, msimu wa pili hautakuwa na shida ya kuanza.

Kwa nini mipigo miwili peke yake? Kwanza ni mashine yenyewe, ambayo injini yake huwaka kila pistoni inapopanda na kushuka mara moja. Kichwani hamna vali za kurekebisha, na mwenye spana na subira anaweza kubadilisha pistoni na ringi mwenyewe jioni moja. Pili ni haki. Mwendeshaji Mmarekani Doug Henry alishinda na Yamaha YZM400F, pikipiki ya mipigo minne, mwaka 1997, YZ400F ikaingia sokoni kama modeli ya 1998, na baada ya hapo mipigo minne ikatawala chini ya kanuni zinazoiruhusu ujazo mkubwa zaidi: 250cc dhidi ya 125cc, 450cc dhidi ya 250cc. Mwenye 125 anaambiwa apambane na injini yenye ujazo maradufu ya yake. Honda iliacha CR, pikipiki zake za motokrosi za mipigo miwili, baada ya modeli za 2007. Yamaha na KTM bado wanauza 125 na 250 mpya, na mashine za zamani zimejaa stoo za watu. Hizo ndizo unazotaka kuzitoa nje.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Watu watano ambao siku ya mbio hawataendesha. Si "wataendesha daraja moja tu". Hawataendesha.
- Ardhi yenye ruhusa ya maandishi kutoka kwa mwenyewe, inayotaja tarehe zote za msimu.
- Waendeshaji kumi na wawili au zaidi waliothibitisha, kila mmoja na aina ya pikipiki na ujazo wake.
- Ambulensi yenye wahudumu wa dharura waliofunzwa, inayobaki uwanjani kuanzia zoezi la kwanza hadi mkondo (mbio moja kati ya mbio za siku) wa mwisho.
- Bima ya dhima kwa watu wengine, na maelezo ya wazi kuhusu bima ya waendeshaji.
- Gari la maji au pampu yenye mabomba marefu.
- Seti za bendera kwa kila kituo cha marshali (walinzi wa usalama wanaosimama kando ya njia), redio za mkononi, vizima moto vya poda au povu.
- Vyoo na maji ya kunywa. Hivi husahaulika kila mara, na ndivyo vinavyoamua kama familia zitarudi raundi ya pili.

Hatua ya 1: Gawa kazi kwa majina

Kabla ya kuzungumza kuhusu pikipiki, andika nani anafanya nini. Msimamizi wa mbio ndiye mwenye neno la mwisho uwanjani. Anaweza kusimamisha mbio bila kuuliza mtu. Mkaguzi anakagua pikipiki na vifaa vya mwilini. Mkuu wa marshali anapanga vituo na bendera. Mhesabu anasimamia mizunguko na alama. Wa tano anashughulikia usajili, pesa na malalamiko ya maegesho.

Tahadhari: msimamizi wa mbio asiwe mzazi wa mshiriki au mwenye timu, kama mnaweza kuliepuka. Hata akiwa mwadilifu kupita wote, uamuzi wake wa kwanza wenye utata utasomwa kwa jicho hilo.

Hatua ya 2: Shirikisho, kibali na bima

Mashirikisho ya taifa ya mchezo wa pikipiki yamo chini ya FIM, shirikisho la kimataifa lililoanzishwa mwaka 1904. Wasiliana na la nchi yenu hata kama mnataka kubaki wadogo. Shirikisho huwa na mfumo wa leseni, fomu za kukubali hatari, na mara nyingi njia ya kupata bima ambayo ninyi wenyewe mngeihangaikia kwa miezi. Uliza mambo mawili: ni ngazi gani ya tukio inayowafaa wanaoanza, na mwendeshaji mwenye leseni yao akishiriki mbio zisizosajiliwa anapata adhabu gani. Jibu la swali la pili linaweza kuwanyima nusu ya washiriki wenu.

Kisha nenda kwa mamlaka ya eneo kuhusu kelele, matumizi ya ardhi na mikusanyiko ya watu.

Tahadhari: fomu ya kukubali hatari si bima. Mtu kutia saini kwamba anajua mchezo ni hatari hakulipi bili ya hospitali ya mtazamaji aliyegongwa. Na kwa mtoto, saini ni ya mzazi au mlezi wa kisheria. Mjomba aliyemleta na gari hatoshi.

Hatua ya 3: Tengeneza njia inayofaa injini hizi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu njia iliyochorwa kwa ajili ya 450 huwaumiza watu wa 125.

Injini ya 125 hutoa nguvu yake pale tu inapozunguka kwa kasi sana. Chini ya hapo ni kelele tu. Ukiweka rukio kubwa mara baada ya kona kali, mwenye 450 atafungua ekseleta na kuruka. Mwenye 125 atatoka konani injini ikiwa bado inatafuta pumzi, atafika kwenye rukio bila kasi ya kutosha, na atatua kabla ya mteremko. Basi acha nafasi ya kuongeza mwendo kati ya kona na rukio. Na kwa msimu wa kwanza, marukio yote yawe matuta yenye mgongo bapa, ambapo anayeshindwa kufika mwisho anatua juu ya udongo. Matuta mawili yaliyoachana na shimo katikati yasubiri.

Jambo la pili ni miteremko mirefu. Injini nyingi za motokrosi za aina hii hupata oili kupitia petroli. Mwendeshaji akifunga ekseleta huku gia inaizungusha injini kwa kasi, petroli inapungua na oili inapungua nayo. Usiweke mteremko mrefu mara baada ya mnyoofu wa kasi ya juu kabisa. Pia kuzuia mwendo kwa injini ni kudogo kuliko kwa mipigo minne, kwa hiyo eneo la kufungia breki liwe refu na lisiwe na mawe.

Vipimo vya kuanzia:

1. Upana usipungue mita 6 popote. 8 ni bora zaidi.
2. Urefu wa kilomita 1 hadi 1.5. Saketi za ubingwa wa dunia huanzia kilomita 1.5, lakini nyinyi hamna marshali wa kutosha kwa njia ndefu.
3. Mnyoofu wa kuanzia uwe wa mita 80 hadi 125 kabla ya kona ya kwanza, na kona hiyo iwe pana na isiyo kali. Ajali nyingi za kundi hutokea hapo.
4. Kila mwendeshaji apate mita 1 kwenye mstari wa kuanzia. Ukiwa na nafasi kumi na tano, usiingize wa kumi na sita.
5. Barabara ya ambulensi isikatize njia ya mbio.
6. Vipande vya njia vinavyopita sambamba kwa mielekeo tofauti vitenganishwe na nafasi wazi au marobota ya majani makavu.

Kuweka mipaka tumia vijiti vya plastiki vinavyopinda au mbao nyembamba zinazovunjika, na utepe. Nondo, mabomba ya chuma na matairi yaliyojazwa udongo hayana kazi ndani ya uwanja.

Geti la kuanzia mbio la chuma linaloangukia upande wa nyuma ndilo bora, ila si lazima mwaka wa kwanza. Mpira mrefu uliovutwa mbele ya magurudumu na kuachiliwa upande mmoja unafanya kazi vizuri. Anayeuachilia asimame nje ya mstari, na mpira ukimbilie upande usio na watu.

Hatua ya 4: Panga madaraja, kisha funga mlango

Kila mtu atakuja na ombi la daraja lake: la wenye zaidi ya miaka 40, la pikipiki za kabla ya 1990, la 200cc kwa sababu shemeji yake anayo. Ukikubali yote utakuwa na madaraja tisa yenye watu wawili wawili, na siku nzima itakuwa ya kusubiri. Anza na haya:

- 85cc: vijana, kwa umri ambao shirikisho lenu linaruhusu. Kibao cheupe, namba nyeusi.
- 125cc: hadi 125cc, mipigo miwili tu. Kibao cheusi, namba nyeupe.
- Wazi: zaidi ya 125cc hadi 500cc, mipigo miwili tu. Kibao cha kijani chenye namba nyeupe kwa 250, cha manjano chenye namba nyeusi kwa 500.

Rangi hizo sikuzibuni. Ndizo zilizotumika zamani katika mbio za dunia, na wazee wa mchezo watafurahi kuziona.

Wapya kwenye mbio wawekwe daraja lilelile la ujazo wao, lakini waanzie mstari wa pili, sekunde 30 baada ya wa kwanza. Wanahesabiwa alama zao peke yao. Mshindi wa raundi mbili kwa wapya anapanda mstari wa mbele, apende asipende. Kuna watu watakaojifanya wapya kwa miaka mitatu kwa ajili ya kikombe cha plastiki.

Watoto wa 50cc na 65cc wasichanganywe na mtu yeyote. Kama mnawataka, wapeni muda wao, njia fupi isiyo na marukio makubwa, na marshali walewale wote.

Tahadhari: msikubali mipigo minne "leo tu, kujaza nafasi". Mtu aliyekuja na 125 ya mwaka 2001 na kupitwa na 250 ya mipigo minne hatalalamika. Atabaki nyumbani raundi ijayo.

*Kuhakiki ujazo.* Ubishi mkubwa utakuwa wa 125 iliyopanuliwa. Hesabu ni fupi: kipenyo cha silinda kwa milimita, zidisha kwa chenyewe, zidisha kwa 0.7854, zidisha kwa mwendo wa pistoni, gawanya kwa 1,000. Yamaha YZ125 yenye kipenyo cha 54 na mwendo wa 54.5 inatoa 124.8cc. Silinda ileile ikipanuliwa hadi 58 inatoa 144cc, na kwa nje hutaona tofauti yoyote.

Kupima kunahitaji kufungua kichwa cha silinda, injini ikiwa imepoa na maji ya radieta yametolewa. Kwa hiyo weka kanuni ya dhamana: anayemshtaki mwenzake anatanguliza pesa. Pikipiki ikikutwa halali, pesa zinaenda kwa mwenye pikipiki kwa gasketi na usumbufu. Ikikutwa na kosa, mlalamikaji anarudishiwa na mkosaji anafutiwa matokeo ya siku. Utashangaa malalamiko yanavyopungua mara tu yanapoanza kuwa na gharama.

Hatua ya 5: Kanuni kwenye ukurasa mmoja

Kama hazitoshi ukurasa mmoja, hazitasomwa. Ziandikwe: madaraja, alama, bendera, adhabu, malalamiko, na orodha ya ukaguzi. Kwa ukaguzi wenyewe:

- ekseleta inajirudi yenyewe usukani ukiwa umegeuzwa pande zote mbili;
- swichi ya kuzimia inafanya kazi;
- mikono ya klachi na breki ina vichwa vya mviringo, haijakatika;
- ncha za usukani zimezibwa na usukani una mto wa kifua;
- spoki zimekazwa, beringi za magurudumu hazichezi;
- vikanyagio vinajikunja na kurudi;
- kinga ya gia ya mbele na cheni ipo;
- kizuia sauti cha eksozi kimejaa nyuzi zake na hakijapasuka;
- stendi, taa na vioo vimetolewa;
- helmeti ina alama ya kiwango kinachotambulika, kama ECE 22.06, na haina ufa.

Mwilini: helmeti, miwani, buti za motokrosi, glavu, kinga za magoti na kifua, suruali ndefu na mikono mirefu. Asiye na buti haendeshi. Mabuti ya kazi si buti za motokrosi, na mjadala huu utaurudia kila raundi.

Hatua ya 6: Matibabu, marshali na bendera

Hatua hii haina toleo la bei nafuu. Kanuni tatu za kwanza: bila ambulensi hakuna pikipiki inayowashwa, ambulensi ikiondoka na majeruhi, mbio zinasimama hadi irudi au ije nyingine, na aliyepoteza fahamu, hata kwa sekunde chache, hapandi tena pikipiki siku hiyo na harudi ligini bila kibali cha daktari. Atakwambia yuko sawa. Baba yake atasema hivyohivyo.

Ijulishe hospitali iliyo karibu tarehe zenu mapema, na uhakikishe dereva wa ambulensi anaijua njia. Marshali wafundishwe kutomvua helmeti aliyeanguka na kutomnyanyua; kazi yao ni kulinda eneo na kuita wahudumu. Helmeti huachiwa wahudumu, isipokuwa mtu hapumui na hakuna njia nyingine ya kumfikia.

Kila kituo kiwe na watu wazima wawili: mmoja wa bendera, mmoja wa kumwendea aliyeanguka. Kila mahali pa kutua ambapo anayekuja nyuma haoni, kituo ni lazima. Kituo kione kituo kinachofuata. Marshali hapigi picha, na hawapi mgongo wanaokuja.

Bendera zibaki chache:

1. Njano inayopungwa: hatari mbele. Punguza mwendo, usipite mtu, usiruke. Lipande tuta magurudumu yakiwa chini.
2. Nyekundu: mbio zimesimama. Punguza mwendo, rudi eneo la kusubiri.
3. Buluu: anayekuzidi mzunguko anakaribia. Shika mstari wako, usimkate.
4. Nyeupe yenye msalaba mwekundu: wahudumu wako njiani. Hakuna kuruka wala kupita.
5. Nyeusi na namba: wewe, toka.
6. Ya mirabaraba nyeusi na nyeupe: mwisho.

Adhabu ya kuruka kwenye njano iwe kali na ijulikane mapema. Mimi napendelea kufuta matokeo ya mkondo mzima. Kuondoa nafasi mbili hakumtishi anayeongoza kwa mbali, na aliyelala nyuma ya tuta ni mtoto wa mtu.

Hatua ya 7: Kalenda na ratiba ya siku

Acha wiki nne hadi sita kati ya raundi. Watu wanahitaji muda wa kupata pistoni, na shamba linahitaji kupumzika. Angalia tarehe zisigongane na mbio kubwa za shirikisho.

Ratiba ya madaraja matatu, mikondo miwili kwa kila daraja, dakika 12 na mizunguko miwili:

- Saa 1:00 asubuhi: usajili na ukaguzi
- Saa 2:30: mkutano wa waendeshaji, lazima kuhudhuria
- Saa 3:00: mazoezi, dakika 20 kwa kila daraja pamoja na kubadilishana
- Saa 4:30: mikondo ya kwanza
- Saa 5:45: mapumziko, kumwagilia njia, kurekebisha marukio
- Saa 6:45 mchana: mikondo ya pili
- Saa 8:30: zawadi

Mzunguko wa dakika 1 na sekunde 45 unafanya mkondo kuchukua kama dakika 16. Tenga dakika 25 kwa kila mkondo na utafika. Nafasi ya nusu saa baada ya mazoezi na baada ya mikondo ya mwisho ni ya ajali. Usiuze kwa onyesho la kuruka.

Mazoezini, mizunguko miwili ya kwanza iwe nyuma ya kiongozi kwa mwendo wa polepole, ili kila mtu aone marukio kabla ya kuyashambulia.

Hatua ya 8: Hesabu mizunguko na alama

Transponda, vifaa vidogo vya kielektroniki vinavyofungwa kwenye pikipiki na kuhesabu mizunguko vyenyewe, ni nzuri mkiweza kukodi. Bila hizo, watu wawili wanatosha kwa pikipiki kumi na tano: mmoja anataja namba zinavyopita mstari, mwingine anaandika, mstari mmoja wa karatasi kwa kila mzunguko. Simu kwenye kigoda irekodi mstari wa mwisho muda wote. Hiyo ndiyo hakimu wa ubishi. Namba zisifanane ndani ya daraja, na mtu asiyesomeka namba hahesabiwi.

Alama fuata mfumo wa ubingwa wa dunia: 25, 22, 20, 18, 16, kisha 15 na kushuka moja moja hadi 1 kwa wa ishirini. Jumla ya mikondo miwili ndiyo matokeo ya siku. Wakilingana, aliyefanya vizuri mkondo wa pili ndiye mshindi: mmoja akiwa wa kwanza kisha wa pili, na mwenzake wa pili kisha wa kwanza, wote wana 47 na mwenzake ndiye anayebeba kikombe.

Mkondo ukisimamishwa kwa nyekundu kabla ya nusu, urudiwe. Ukishapita nusu, chukua nafasi za mzunguko uliokamilika kabla ya bendera. Weka hili kwenye ule ukurasa mmoja.

Hatua ya 9: Pesa

Jumlisha gharama ambazo hazibadiliki hata wakija watu watatu: ambulensi, bima, uwanja, maji. Gawanya kwa theluthi mbili ya waendeshaji unaowatarajia. Hicho ndicho kiingilio. Ukigawanya kwa wote, mvua moja itakuacha na deni. Zawadi za pesa ziache msimu wa kwanza, kwa sababu zinaleta watu wa kuchukua pesa na kuondoka, na zinaleta silinda za 144.

Hatua ya 10: Siku ya majaribio kabla ya raundi ya kwanza

Fanya siku moja bila alama. Geti, redio, karatasi za mhesabu, barabara ya ambulensi, vyote vitumike kwa kweli. Mpe mtu mmoja ajifanye ameumia kwenye kona ya mbali zaidi na upime muda hadi wahudumu wamfikie. Ukiona muda hauridhishi, rekebisha barabara au sogeza ambulensi, halafu pima tena.

Yakienda kombo

*Injini zinakamata (pistoni inakwama ndani ya silinda) mazoezini.* Anza na mchanganyiko. Kwa 40:1 ni mililita 25 za oili kwa kila lita ya petroli, kwa 32:1 ni kama 31, kwa 50:1 ni 20. Fuata kitabu cha pikipiki na oili yake, na upime kwa kikombe chenye alama, si kwa kifuniko cha chupa. Kama oili iko sawa, tazama hewa inayoingia mahali pasipofaa: gasketi ya chini ya silinda, mpira wa kabureta, sili za kreki. Asubuhi ya baridi hewa ni nzito na mchanganyiko hukosa petroli, hivyo jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) iliyofaa juzi mchana kwenye joto inaweza kuwa ndogo leo. Uwanja wa juu milimani ni kinyume: hewa nyepesi, jeti ndogo.

*Mtu amejaza petroli tupu.* Hutokea pale pikipiki za mazoezi za mipigo minne zinapoegeshwa pamoja na hizi. Madumu yaandikwe kwa rangi mbili tofauti. Kama injini imeshazungushwa, zima, toa petroli yote hadi ya kabureta, na mtazame pistoni kupitia tundu la eksozi kabla ya kuwasha tena.

*Vumbi limefunika kila kitu.* Kama marshali wa kituo cha pili haoni wa kwanza, hamwanzishi. Mwagilia usiku wa kuamkia siku ya mbio ili maji yazame. Maji ya asubuhi peke yake yanatengeneza utelezi juu na vumbi chini.

*Mvua imeharibu njia.* Fupisha mikondo, kata kipande kibaya kwa utepe, au ahirisha. Uamuzi ni wa msimamizi pamoja na dereva wa ambulensi: gari lake likikwama, siku imeisha.

*Jirani analalamikia kelele.* Nenda kwake mwenyewe, na upeleke ratiba. Tustroki ina sauti kali na ya juu inayosafiri mbali. Eksozi zenye nyuzi zilizokwisha ndizo chanzo, na mkaguzi anaweza kuzikataa. Kuzuia kuwasha injini kabla ya saa 3:00 kunasaidia kuliko kuomba radhi.

*Wamekuja sita tu.* Unganisha 125 na Wazi kwenye mstari mmoja, wahesabu tofauti, endesha siku kama kawaida na umalize mapema. Usifute. Anayesafiri na trela na kukuta geti limefungwa hatakuamini tena.

*Karatasi za mhesabu hazilingani na anachodai mwendeshaji.* Msibishane mstarini. Mpe nusu saa baada ya matokeo kubandikwa, apeleke madai kwa maandishi, mtazame video pamoja, mtangaze uamuzi. Baada ya nusu saa hiyo matokeo yamefungwa, hata kama kamati yenyewe imegundua kosa la kuandika jumla. Hilo litarekebishwa kwenye msimamo wa ligi na kutangazwa kabla ya raundi inayofuata.

*Marshali hawatoshi.* Kila mwendeshaji alete mtu mzima mmoja wa kusimama kituoni wakati daraja lake haliko njiani, au asimame mwenyewe. Asiyeleta wala kusimama anapoteza nafasi ya kuchagua geti. Wafunze hao wote asubuhi, dakika kumi kabla ya mkutano wa waendeshaji, bendera zikiwa mkononi mwao.